Shangazi, mlilie kwanza, halafu mwache akatwe

Shikamoo shangazi.

Umeniruhusu niandike haya hadharani mradi nisitaje jina lako wala la mbwa. Ulisema wanajumuiya wakijua unalia kwa ajili ya mbwa utakosa pa kuweka uso. Basi hapa hakuna anayekujua, na nina hakika wapo wengi nyuma ya mageti yao wanaojifuta machozi kwa siri kama wewe. Waache nao wasome.

Nianze na swali ulilonitupia kwenye simu, maana ndilo linalokunyima usingizi: kama daktari mwenyewe anakiri kwamba saratani ya mfupa hukimbilia mapafu, mguu wa mbwa unakatwa wa nini? Unakatwa kwa sababu unauma. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo.

Saratani hii, osteosakoma, huwapenda mbwa wenye miili mikubwa: Rottweiler kama huyo wako, wale mbwa wa polisi wa Kijerumani, na wengine wa miraba minne. Na mahali inapopenda kukaa ni palepale alipovimba wako, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele. Inakula mfupa kwa ndani huku ikiotesha mfupa wa ovyo kwa nje, ndiyo maana kwenye picha ya eksirei uliona kama pametafunwa na wadudu. Mwanzo kila mtu hudhani ameteguka. Anachechemea, anapumzishwa, anapata nafuu ya siku mbili tatu, anachechemea tena. Mbwa hapigi kelele kwa maumivu ya namna hii. Anaacha kukimbilia geti gari likipiga honi. Anabakiza ugali. Usiku anabadilisha upande, anainuka, analala tena. Akifika mahali pa kutokanyaga kabisa, ujue amevumilia mengi ambayo hamkuyaona. Dawa za kutuliza zinasaidia kwa kiasi tu, na mfupa uliokwisha kuliwa unaweza kuvunjika akiwa anashuka ngazi ya baraza. Mguu ukiondoka, maumivu hayo yanaondoka nao.

Uponyaji haumo. Wewe ni nesi mstaafu, siwezi kukufunika macho. Kwa mbwa walio wengi, siku saratani inapogunduliwa, chembechembe zake zimeshasambaa hata kama picha ya kifua ni safi. Wanaokatwa mguu peke yake, nusu yao hawavuki miezi minne au mitano. Wakiongezewa dawa za saratani kama karboplatini, inasogea hadi kwenye miezi kumi, pengine mwaka, na takriban mmoja katika watano hufika miaka miwili. Ila dawa hizo kwa mbwa huku kwetu unazitafuta kwa tochi. Madaktari wetu wa mifugo tumewazoesha ng'ombe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukimpata aliyezoea kumlaza mbwa kwa nusukaputi na kumkata mguu vizuri, mshike huyohuyo.

Uliniuliza kama hata binadamu hupata ugonjwa huu. Hupata, hasa vijana walio katika umri wa kurefuka. Yule kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 akiwa na miaka 18, kwa osteosakoma hiyohiyo. Mwaka 1980 akaanza kukatiza nchi yake kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia zaidi ya kilomita 5,000 kabla ugonjwa haujamfuata kwenye mapafu, akafariki Juni 1981. Ugonjwa wa mbwa na wa watoto wetu unafanana kiasi kwamba watafiti wanautazama wa mbwa wapate kuuelewa wa watoto. Kwa hiyo anayekucheka kwamba unahangaikia ugonjwa wa mbwa, hajui anachokicheka.

Sasa nije kwenye machozi yenyewe.

Naona unamtazama mbwa wako kwa macho ya wodi ya upasuaji. Miaka yote ile umewabadilishia dozi na bandeji watu waliokatwa miguu kwa kisukari na ajali za pikipiki. Umemwona baba wa watu akigeukia ukutani asitake wanawe wamwone. Umemsikia dereva akiuliza sasa atakula nini. Mtu akikatwa mguu anaupoteza ule mguu, anapoteza na kazi, na heshima aliyodhani inakaa kwenye mguu, na harusi ya binti yake aliyopanga kucheza. Wewe umeubeba msiba huo wote ukamtwika mbwa. Yeye hana hata robo yake. Hajui kwamba mbwa wanatakiwa kuwa na miguu minne. Hatajificha wageni wakija. Anachojua leo ni kwamba kitu fulani pale mbele kinauma, na keshokutwa kitakuwa hakiumi. Msiba ni wako, shangazi, na una haki nao. Usimwekee mbwa mdomoni, basi.

Halafu kuna lile uliloniambia kwa sauti ya chini, kwamba mzee ulimzika bila kulia hivi. Sina elimu ya mambo ya nafsi, ila nilikuwepo kwenye msiba ule. Ulikuwa na wageni mia wa kuwalisha, mashemeji wa kuwapatanisha, kaburi la kujengea, na wanao wawili wa kuwapokea uwanja wa ndege. Nani angekupa nafasi ya kulia? Mbwa huyu, mzee mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani akiwa kitoto, ndani ya boksi la viatu, na baada ya arobaini ndiye aliyebaki kulala mlangoni kwako. Kwa hiyo ukilia mguu wake, mimi sioni ajabu kwamba yanatoka na mengine yaliyokuwa yamesubiri. Yaache yatoke. Lia jikoni, lia bafuni, lia ukiwa umemshika shingo. Ila mbele ya wifi yako mkubwa nyamaza, maana huyo nitamjadili hapa chini.

Maana maneno yatakuja, na yatakuuma kuliko mkasi wa daktari. "Hela hiyo si ungemsomesha mtoto wa mtu?" Hilo wifi ameshalisema, na atalirudia kila kikao cha ukoo. Sikia, wewe umesomesha watoto wa watu kuliko yeyote katika ukoo huu, na ada ya kwanza ya mtoto wake yeye tunajua ilitoka wapi. Mwingine atasema "mchome sindano apumzike", kwa wepesi uleule anaokwambia chai imepoa. Mwingine atasimama getini aseme mbwa kiguru atalinda nini. Mwache asimame hapo mpaka rotwaila mwenye miguu mitatu atokeze, ndipo ajibiwe.

Lakini wapo na wengine. Jirani yangu huku Dar ni mama wa Kiislamu, hataki kabisa mbwa amguse nguo na mimi namheshimu kwa hilo, hata kamba nilikuwa nafupisha akipita. Mbwa wangu mwenyewe alipokatwa mguu, jioni moja nikasikia hodi. Amesimama upande wa pili wa ukuta, kashika kisufuria cha mapupu aliyoyachemsha bila chumvi. "Mgonjwa anaendeleaje?" Akakiweka juu ya ukuta, akaniambia kisufuria nisirudishe. Nililia zaidi kwa kile kisufuria kuliko kwa mguu.

Ila kuna jambo moja madaktari wanalipitia haraka, nami nataka likukute umejiandaa: wiki mbili za kwanza. Wengi niliozungumza nao, na wamiliki wa mbwa wenye shida hii tunatafutana kama ndugu, wanasema kipindi hicho ndipo walipojuta. Utamkuta amenyolewa ubavu mzima. Kwa mguu wa mbele mara nyingi huondolewa wote pamoja na kombe la bega, maana kibutu kikibaki hujigongagonga bila faida, kwa hiyo utaona mshono mrefu na ngozi iliyovilia damu, ya zambarau hadi kijani. Chini ya kifua panaweza kujaa maji, pakaning'inia kama kifuko. Mwonyeshe daktari, ila usizimie, mara nyingi hunywea pole pole. Anaweza asipate choo siku kadhaa kwa sababu ya dawa za usingizi na za maumivu. Na usiku anaweza kulia. Hapo ndipo roho itakapokukatika, utadhani anakulaumu. Dawa kali za maumivu humvuruga mbwa akili akaanza kulia hovyo, na pengine ni maumivu kweli na dozi inatakiwa kupangwa upya. Vyote viwili dawa yake ni kumpigia daktari, hata kama ni saa nane za usiku. Chukua namba yake kabisa kabla hujamwacha pale.

Na kwa kuwa nakujua, na najua kabati lako: usimpe diklofenaki, usimpe brufeni, usimpe panadol. Najua mkono wako ni mwepesi na umepima dozi maelfu. Hizo mbili za kwanza zinaweza kumtoboa tumbo na kumwua figo, na panadol si ya kubahatisha kwa mbwa. Zipo dawa zake, daktari atakupa, na hizo ndizo za kumpa kwa saa.

Wa kwangu ulikuwa mguu wa nyuma, sitakudanganya kwamba ni sawasawa. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo wako atakuwa na kazi kubwa zaidi, atatembea akitikisa kichwa kila hatua. Utaona pia kwamba akikimbia anapendeza kuliko akitembea, na akisimama mahali pamoja ndipo anachoka. Wa kwangu kituko kilikuwa kukojoa. Mara ya kwanza alifika kwenye mwembe wake, akainua mguu uliobaki kama mazoea yake, akaanguka chali na mkojo ukamrudia mwenyewe. Akainuka, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyemsukuma. Kesho yake aliegemeza kiuno kwenye shina la mwembe, akamaliza shughuli, akaondoka na mkia juu. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikuwa bado nalia, yeye alishahama.

Hata hivyo si kila mbwa wa kukatwa, nami sipendi wanaosema lazima. Kabla hujasaini, mwambie daktari apige picha ya kifua, na uisome naye kwenye mwanga kama mlivyokuwa mkisoma wodini. Mwombe aikague miguu mitatu inayobaki, hasa nyonga, maana rotwaila wana shida ya nyonga tangu utotoni na wako ana uzito. Kama mapafu yameshaonyesha madoadoa, au kama nyonga hazitabeba, basi kumlaza asiamke ni huruma ileile, na mtu asikwambie umemkimbia. Nitakuja kumshika na wewe. Lakini kama kifua ni safi na nyonga zinabeba, usingoje mpaka Pasaka eti watoto waje wamwone akiwa na miguu yote. Huo mguu wanaotaka kuuona ndio unaomtesa.

Najua pia unachohesabu. Miezi minne, mitano, halafu tunaanza upya? Ndiyo, tutaanza upya, na safari ile itakuwa ya mwisho. Utalia mara mbili kwa mbwa mmoja. Mimi nililia mara mbili, na katikati yake nilipata mbwa anayekuja getini tena. Wa kwangu alifika mwaka na kidogo. Sikuahidi wako atafika huko.

Nitapanda basi la alfajiri Alhamisi. Nakuja na mabaki ya zulia, yale yenye mpira chini, kwa ajili ya vigae vya sebuleni na koridoni. Mikeka yako mizuri iviringishe uweke juu ya kabati, inateleza na atavunjika mguu mwingine. Mwambie binti asipige deki kwa sabuni wiki hiyo yote. Anza kumpunguzia ugali leo, hata kilo mbili zikitoka ni nafuu kwa huo mguu mmoja wa mbele. Usiku wa kuamkia upasuaji asile, na maji uulize mwisho saa ngapi. Toa khanga mbili za zamani, ngumu, za kumpitishia chini ya tumbo tukimwinua, na usinipe zile za doti mpya kwa sababu ya kuona haya mbele ya daktari. Wifi akiuliza nimekuja kufanya nini, mwambie nimekuja kununua ndizi.

Mwanao wa Dar.