Barua kutoka Iowa, Marekani: siku 19 zimebaki

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na baridi imeanza kupungua. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi: kiwanda chetu cha mashine za kuvunia kinafungwa. Tulipewa notisi ya siku 60, kwani sheria ya hapa ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atangaze mapema. Sasa zimebaki siku 19.

Baba, najua utauliza mashine kubwa namna ile zimekosaje wanunuzi. Ni mahindi, yaleyale tunayoyajua. Mwaka 2022 busheli moja, yaani kama kilo 25, ilipita dola 7. Kufikia Agosti 2024 ilikuwa chini ya dola 4, na riba ya benki ilikuwa juu. Mkulima akibanwa hivyo anavumilia na mashine yake kuukuu ya kuvunia, na sisi tunaochomelea fremu za mashine mpya tunakosa kazi. Hata John Deere, kampuni kubwa ya mashine za kilimo, ilipunguza mamia ya wafanyakazi katika majimbo ya Iowa na Illinois mwaka huo.

Kila fundi hapa ana muhuri wa chuma wenye namba yake. Ukimaliza mshono wa kuchomelea unaugonga muhuri kando yake kwa nyundo, ili ukija kupasuka ijulikane ni kazi ya nani. Wangu ni 47, bado ninao. Juzi zamu ya usiku ilifanya kazi kwa mara ya mwisho. Msimamizi akapitisha kopo tupu la rangi, wakatumbukiza mihuri yao humo mmoja mmoja. Mzee mmoja aliufuta wake kwa shati kwanza. Nilikumbuka Webuye ya 2009, huko kwetu Kenya, kiwanda cha karatasi kiliponyamaza na vyumba vya kupanga vikabaki na makufuli. Nilidhani mambo yale ni ya kwetu tu.

Mama, pesa za mwezi ujao zitafika kama kawaida. Baada ya hapo nitatuma nusu mpaka nipate mahali. Msiuze ng'ombe, tafadhali, wala msichukue mkopo wa chama kwa ajili yangu. Karo ya mdogo wangu pale chuo cha ufundi Sang'alo nimeiweka kando, haiguswi. Nasikia anataka kuacha kuchomelea kwa kuona yaliyonipata. Baba, umkatalie. Wiki hii nimeitwa majaribio sehemu mbili, na kote wamenipima kwa mshono wa juu ya kichwa, ule unaochomelea ukiangalia juu. Aufanyie mazoezi huo.

Nitapiga simu Jumapili mkitoka kanisani.

Mwanenu