Kabla ya kuuza dawa ya tumbo la paka, ulizeni choo chake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme juu ya paka wenye tumbo dhaifu, na juu ya nyongeza za chakula (sashe, gelile yaani kapsuli, na poda) wanazouziwa wenye paka hapa Lubumbashi. Mtu anafika farmasi, anasema paka wake anahara, anapewa kitu, analipa, anaenda. Hakuna aliyeuliza paka ana kilo ngapi. Hakuna aliyeuliza choo chake kikoje. Na ni maswali hayo mawili yanayoamua kama ile nyongeza itasaidia, itapotea bure au itamdhuru.

Nianze na choo, ingawa najua watu wanasoma gazeti wakinywa chai. Paka anahara kwa namna mbili. Ugonjwa ukiwa kwenye utumbo mwembamba, choo kinatoka kingi kwa mara moja, cha majimaji, mara mbili au tatu kwa siku, na paka anakonda hata kama anakula vizuri. Ukiwa kwenye utumbo mpana, anaenda mara nyingi, kila mara kidogo, anakaza, choo kina ute unaovutika, pengine na tone la damu nyekundu, lakini kilo zake hazipungui. Nyuzinyuzi za boga au za psilio (maganda ya mbegu yanayonyonya maji) zinamfaa huyu wa pili. Kwa yule wa kwanza mara nyingi hazibadilishi kitu. Vitamini B12 ni habari ya yule wa kwanza. Kwa hiyo anayesema "nipe dawa ya tumbo la paka" bado hajasema kitu, na anayemuuzia kwa neno hilo tu anabahatisha.

Hapo hapo nitoe onyo moja. Paka dume anayeenda kwenye mchanga wake kila dakika, anakaza, analia, wala hakitoki kitu, huenda siyo choo kinachomsumbua. Huenda mkojo umeziba. Huyo hapewi boga wala mafuta ya kula. Anapelekwa kwa daktari wa wanyama siku ile ile, maana mkojo ukiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kinachotangulia nyongeza yoyote ni sahani. Paka wengi wa mji huu wanakula bukari (ugali) na ndagala (dagaa). Ndagala ni protini nzuri, lakini wanaofika sokoni wakiwa wamekaushwa mara nyingi wana chumvi nyingi na mchanga: waloweke saa moja, umwage maji, uwachemshe. Ndagala wabichi wasitolewe kila siku. Samaki wengi wa jamii yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 ndani ya chakula, na moto ndio unaokiua. Paka aliyekosa B1 anaanza kwa kukataa kula na kutapika, watu wanadhani ni tumbo, kisha shingo inainamia kifuani, anayumba, anashikwa na degedege. Hakuna probiotiki, yaani vijidudu wema wa tumbo, itakayotibu hilo.

Maziwa nayo yaondoke. Paka akishaachishwa kunyonya, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa kinapungua, na ile sukari ikifika utumbo mpana bila kuvunjwa inavuta maji na kutengeneza gesi. Mtindi una sukari hiyo kidogo zaidi, lakini bado inatosha kumharisha paka mwenye tumbo dhaifu. Kuna nyumba ambapo paka amehara miezi mingi, na kikombe cha maziwa cha asubuhi hakijaondolewa kwa sababu "anayapenda".

Kroketi, chakula kikavu cha paka cha punje, zinazouzwa kwa kupimiwa kutoka mfuko uliofunguliwa ni tatizo jingine. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje yanachacha yakikaa kwenye hewa na joto, na mvua zikianza unyevu unaleta kuvu. Nunua mfuko mdogo uliofungwa, soma tarehe, uufunge vizuri kila mara, uumalize ndani ya wiki sita. Ukitaka kubadilisha chakula, changanya: robo ya kipya kwa siku mbili au tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa jumla ya siku saba hadi kumi. Anayebadilisha kwa siku moja anaharisha paka mzima, halafu anakimbilia farmasi.

Kwa paka anayehara lakini bado mchangamfu, chemsha kuku bila ngozi, bila chumvi, bila mafuta, na bila kubu ya supu. Kubu ina chumvi na mara nyingi unga wa kitunguu, na kitunguu, kama kitunguu saumu, kinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kimepikwa. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 240 kwa siku, yaani gramu 120 hadi 150 za kidari kilichochemshwa, zigawanywe mara nne. Changanya na nyama ya paja, na mwagia supu yake ikishapoa, kwa kuwa taurini, kirutubisho cha nyama, inayeyuka na kubaki majini. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Tangu 1987 inajulikana kwamba akiikosa moyo wake unatanuka na kulegea. Ndiyo maana kuku peke yake asizidi wiki mbili. Nyama ya kuku haina kalisi ya kutosha pia. Na msimfungishe njaa. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kulijaza, na hapo mnatibu ugonjwa mpya mbaya kuliko wa kwanza.

Baada ya sahani, minyoo. Peleka choo cha siku ile ile kwenye chupa safi, bila mchanga, na kwa jiardia, kijidudu cha utumbo, ni vizuri kipimwe cha siku tatu, kwa sababu haitoki kila siku. Mji huu una kitivo cha tiba ya wanyama kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo hakuna sababu ya kutibu kwa kukisia. Kidonge cha albendazoli cha watu, kile cha miligramu 400 kilichobaki kabatini, paka asipewe: kinaweza kuzima uboho unaotengeneza damu. Fenbendazoli ndiyo inayofaa, miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku tatu hadi tano. Na kwa tegu, ambaye mara nyingi analetwa na viroboto, prazikwanteli. Usipoua viroboto, tegu anarudi.

Sasa tuje kwenye nyongeza zenyewe.

Probiotiki iliyochunguzwa zaidi kwa paka ni bakteria iitwayo Enterococcus faecium, ya aina ya SF68, inayokuja kwenye sashe za gramu 1, moja kwa siku. Katika utafiti uliotolewa 2011 juu ya paka wa kwenye makazi ya wanyama, waliohara siku mbili au zaidi walikuwa asilimia 7.4 kwa waliopewa, na asilimia 20.7 kwa wasiopewa. Si muujiza, lakini ni kitu. Ila ile poda imetiwa ladha ya protini ya wanyama ili paka aipende, kwa hiyo ukiwa unamjaribu kwa nyama ya aina moja kutafuta chakula kinachomdhuru, sashe hiyo inavuruga jaribio lote. Jaribio lenyewe ni hivi: nyama ambayo hajawahi kula, sungura au mbuzi kwa paka aliyelelewa na samaki na kuku, na kitu kingine chochote kisipite mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu. Ng'ombe, samaki na kuku ndio wanaoshutumiwa mara nyingi.

Inayopatikana kirahisi kwenye farmasi zetu ni chachu ya Saccharomyces boulardii, gelile za watu za miligramu 50 hadi 200. Faida yake moja ni wazi: ni chachu, si bakteria, kwa hiyo antibiotiki haiiui. Kipimo kipangwe na daktari kwa uzito wa paka. Gelile inafunguliwa na unga kunyunyizwa kwenye chakula cha uvuguvugu, kamwe si cha moto, na kiliwe papo hapo. Siku mbili za kwanza toa robo ya kipimo, kwa sababu gesi ya ghafla inamfanya paka achukie sahani yake. Usiifungue karibu na mgonjwa mwenye mpira wa dripu kwenye mshipa, wala usimpe paka anayetumia dawa za kushusha kinga: chachu inaweza kuingia kwenye damu. Mpe wiki mbili. Choo kisipobadilika, acha. Wiki ya tatu haitaleta kilichokosekana kwenye mbili.

Kwa utumbo mpana, na kwa paka mwenye choo kigumu pia, nyuzinyuzi ni rahisi na za bei ndogo. Boga lililochemshwa na kupondwa, bila sukari wala chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa mlo. Au psilio, robo ya kijiko cha chai, iloweshwe kwanza kwa vijiko viwili vitatu vya maji mpaka iwe kama uji mzito. Wengi wanaitia kavu juu ya kroketi, na hapo ndipo inapoharibika: inanyonya maji ya tumboni na kufunga choo kabisa.

Vitamini B12 inafyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, na kwa paka inahitaji kibebeo kinachotengenezwa na kongosho peke yake. Kongosho au utumbo ukiugua muda mrefu, B12 inashuka, na ikishuka paka anakataa kula, anakonda, wala dawa nyingine haishiki vizuri. Ratiba inayojulikana ni mikrogramu 250 kwa sindano chini ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha moja baada ya mwezi. Ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 inatoa hiyo kwa mililita 0.25, sawa na alama ya 25 kwenye seringi ya insulini yenye alama 100 kwa mililita. Mwenye paka aonyeshwe na daktari mara ya kwanza. Ziada inatoka kwa mkojo. Lakini iwe B12 peke yake. Ile ya mchanganyiko wa vitamini B ina B12 kidogo mno na inachoma, mpaka paka anajificha akiona seringi.

Smectite, yule udongo wa sashe za gramu 3, unapunguza majimaji kwa muda lakini hautibu chanzo, na unashika dawa nyingine tumboni. Utenganishwe nazo kwa saa mbili. Vimeng'enya vya kongosho vinamfaa paka ambaye kipimo cha damu kimeonyesha kongosho lake halifanyi kazi. Kwa wengine wote ni pesa iliyotupwa.

Wauza farmasi, nawaomba haya kwa heshima. Parasetamoli isitoke kabisa kwa ajili ya paka: ini lake halina njia ya kuisafisha, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, fizi zikigeuka kahawia na uso ukivimba. Loperamidi, dawa ya watu ya kuzuia kuhara, inaweza kumtia wazimu badala ya kumtuliza. Dawa za tumbo zenye salisilati ni ndugu wa aspirini, na paka anakaa nayo mwilini siku nyingi. Na Flagyl, antibiotiki ya metronidazoli, siyo jibu la kila choo chepesi: ni chungu hadi paka anatoa povu, inaua bakteria wema wale wale mnaotaka kuwarudisha kwa probiotiki, na ikizidi paka anaanza kuyumba. Kuuza Flagyl asubuhi na probiotiki jioni kwa paka yule yule ni biashara nzuri, lakini tiba si hiyo.

Mteja akisema hajui uzito, mwambieni apande mizani ya nyumbani akiwa amembeba paka, kisha apande peke yake, atoe. Kwa kitoto cha paka, mizani ya kuning'iniza ya sokoni na kikapu vinatosha.

Apelekwe kwa daktari bila kununua chochote: kitoto cha chini ya miezi sita anayehara na kutapika, paka asiyekula siku nzima, mwenye choo cheusi kama lami, mwenye ngozi ya shingo inayobaki imesimama ukiivuta, na yeyote anayehara zaidi ya wiki tatu. Aende na karatasi iliyoandikwa alichokula, choo kilivyokuwa kila siku, na majina ya dawa zote alizokwisha kupewa, pamoja na zile za watu.

Daktari wa wanyama,
Kampemba, Lubumbashi