Harambee ya Vitabu vya Picha kwa Watoto Wetu wa Ganze

Wazazi, majirani, na ndugu zetu mlioko Mombasa, Nairobi na ughaibuni, salamu.

Tunachanga tuchape kitabu cha picha kumhusu mtoto anayeficha njaa yake shuleni. Kila tulikopeleka kadi za harambee tumeulizwa: njaa na vitabu wapi na wapi? Si mnunue unga? Unga una mfuko wake, na uji hupikwa shuleni siku unapopatikana. Lakini hata sufuria ikijaa, wako watoto wasiosogea. Mtoto ambaye kwao hakujapikwa kitu tangu jana hubaki darasani wakati wa mapumziko. Ukimuuliza, anasema ameshiba. Wengine hunywa maji ya mfereji tumbo lijae, kisha husinzia. Walimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wanawaona, ila ukimwita mtoto wa hivyo mbele ya wenzake, kesho huenda asije.

Aibu hiyo ya kusema una njaa wameiona kwetu sisi wakubwa. Ukame ule wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, ni wangapi tuliomwambia jirani ukweli? Mwaka 2020, wakati wa korona, mjane mmoja wa Mombasa aliyekuwa akifulia watu nguo alikosa kazi, akainjika mawe jikoni ili watoto wake wanane wangoje mpaka walale. Waliosoma madrasa walikumbuka kisa cha Khalifa Umar, aliyemkuta mama akichemsha sufuria isiyo na chakula ili watoto wake wenye njaa walale. Kinachosahaulika ni kwamba watoto wale hawakudanganyika. Na msaada ulifika kwa sababu jirani alisikia kilio, akapaza sauti; ndipo watu wakaanza kutuma pesa kwa simu.

Kitabu tulichoandaa kina kurasa 24, sentensi moja au mbili kila ukurasa, kwa Kigiriama na Kiswahili. Kadzo, mtoto wa hadithi hiyo, huja shule na kibakuli chenye mfuniko ambacho hakifungui kamwe. Maneno hayasemi kuna nini ndani. Anayetazama picha ndiye hugundua. Siku moja anamsaidia mpishi kuosha sufuria, anaomba ukoko. Mpishi anamtazama, haulizi kitu, anampa ukoko, na kesho yake anamtengea bakuli la uji kabla kengele haijalia. Wanaokuja na chakula nao wana kurasa zao, maana kumgawia mwenzako bila kumtangaza nako kunafunzwa.

Mwalimu mmoja alisoma nakala ya majaribio, akauliza, “Kadzo angemwambia nani?” Mikono ikapanda. Watoto walikuwa wakimsemea Kadzo, na katika kumsemea Kadzo, wawili watatu walisema ya kwao. Hata asiyejua kusoma bado, picha anazisoma.

Mzee mmoja wa kamati alihofu tutawazoesha watoto kuomba-omba. Tunamheshimu, lakini hapo hatukubaliani naye. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na mtoto anayemwambia mwalimu wake “sijala” hajaomba kitu cha mtu.

Sasa hesabu. Kuchapa nakala 400 kwa shilingi 350 kila moja ni 140,000. Mchoraji, kijana wetu anayechora mabango sokoni, ametupunguzia hadi 40,000. Sanduku la chuma ni 10,000, kwa sababu mchwa wa hapa mnawajua. Jumla 190,000. Mkononi tuna 46,000, tunatafuta 144,000. Nakala nyingine zitakwenda shule jirani.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Asiye na pesa alete kuku, mahindi au mkeka, tutanadi. Walio mbali watumie namba iliyo kwenye kadi, waandike “Kadzo” ili pesa zisichanganyike na za unga. Jina la mtoto aliyesaidiwa halitatajwa, wala hatutapiga picha mtoto yeyote akila. Majina ya waliochanga na risiti za kiwanda cha uchapaji zitabandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu wiki ifuatayo.