Agosti bila kalamu nyekundu

Kisumu,
Agosti

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, joto ndilo lile lile unalolijua.

Nilikuahidi barua nikishapumzika. Nimepumzika, na kupumzika kwenyewe kumekuwa kusoma. Tangu tuajiriwe sijasoma kitabu bila kalamu nyekundu mkononi. Vitabu teule nimevipekua mpaka vimeniishia ladha, kila ukurasa nikiutafutia swali la mtihani. Likizo hii kalamu nimeifungia kabatini.

Nilianza na riwaya ya Ursula K. Le Guin, ile ya kwanza katika mfululizo wa Earthsea, ya mwaka 1968. Niliipata kwa muuzaji wa vitabu kuukuu kando ya barabara. Jalada limebanduka, na ukurasa mmoja una duara la kikombe cha chai. Mtu aliisoma akinywa chai yake taratibu, nami nikampenda mtu huyo. Nchi yenyewe ni bahari na visiwa, na kila mtu ana majina mawili: la kuitwa na wote, na la kweli, ambalo humwambia yule tu anayeweza kumkabidhi uhai wake. Mchawi akilijua jina la kweli la kitu, kitu hicho kinamtii. Kijana Ged, kwa majivuno, anafungulia kivuli asichokijua jina, nacho kinaanza kumwinda. Nilisoma mpaka saa nane usiku.

Sasa sikiliza. Asubuhi yake nilimuuliza nyanya, aliyekuja kututembelea, habari za majina. Unajua kwetu Wajaluo mtoto mchanga akilia bila kubembelezeka, wazee humtajia majina ya jamaa waliofariki, moja moja. Atakaponyamaza, hilo ndilo lake. Nikamuuliza: basi jina hilo ni la mtoto au la marehemu? Akaacha kuchambua omena, vidole vikimeta magamba, akanyamaza kitambo.

"Ni la aliyeliitikia," akasema.

Hiyo ni falsafa, mwenzangu! Nikaenda moja kwa moja kukitoa kitabu cha Henry Odera Oruka cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga, nilichokuwa nacho tangu chuoni bila kuvuka dibaji. Marehemu profesa huyu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alizaliwa huku huku Nyanza. Walikuwapo waliodai kwamba Mwafrika ana mila tu, kuhoji hana. Yeye akaenda vijijini, akawauliza wazee juu ya Mungu, kifo na uhuru, akayaandika majibu pamoja na majina yao. Tena aliwapambanua: anayerudia yale jamii inayoyasema ni mmoja, anayeyapima na kuyapinga ni mwingine. Zipo sehemu za mabishano ya wasomi. Ziruke, anza na mazungumzo yake na mzee Paul Mbuya Akoko.

*Nagona*, riwaya ya Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa hili hili, ndiyo kwanza nimeifungua. Ni nyembamba lakini haitaki haraka.

Kitabu cha Earthsea nimekipa dereva wa matatu ya Nakuru, kifurushi kina jina lako. Na ukienda kwa mama yako, muulize swali lile, maana nanyi huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao. Jibu lake niandikie neno kwa neno. Nyanya keshaniuliza mara mbili litafika lini.

Wako,
Mwalimu mwenzako