Shairi langu, na sufuri ya mpwa wangu

Mhariri,

Miaka kadhaa iliyopita ulinichapia shairi la beti sita, "Kitasa", lenye kibwagizo hiki: Kitasa kimeshatoka, mlango wafunga nini? Mwezi uliopita mpwa wangu alikutana nalo kwenye jaribio la darasani, jina langu likiwa limeondolewa. Aliulizwa aeleze dhamira na ujumbe wa mshairi. Akaandika kwamba shairi lile ni la msiba. Akapewa sufuri. Jibu la mwalimu lilikuwa usalama wa nyumba, na ujumbe eti tukarabati milango mapema!

Binti akanijia na karatasi yake. "Mjomba, hebu tazama ubeti wa nne. Kikombe chake kimebaki mezani. Anayeogopa wezi huhesabu redio, kikombe cha nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Shairi lile nililitunga mwezi mmoja baada ya kumzika mama, na wallahi nilidhani natunga juu ya kitasa, maana kitasa kweli kilikuwa kimetoka. Hilo "chake" liliniponyoka. Nililiacha kwa kuwa lilitimiza mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo. Kwa hiyo hata mimi mtunzi ningelifeli swali lile, tena pande zote mbili.

Neno dhamira lenyewe lina mtego. Mitaani ni nia iliyomo moyoni mwa mtu. Katika madarasa mengi ni jambo kuu linalozungumzwa. Mwanafunzi akilichukua kwa maana ya kwanza, anaacha kusoma beti anaanza kupiga ramli. Akiulizwa ujumbe, anatafuta nasaha hata pale ambapo nafsi neni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, haimnasihi mtu, inalia tu.

Wapo watunzi waliotaja nia zao wazi. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye aketi mbele yake na wino na karatasi, anamwambia maradhi yametimu mwaka, aupokee wasia. Hapo hakuna la kubahatisha. Lakini "Mamba" la Abdilatif Abdalla je? Mtu anaweza kulisoma lote akabaki na mnyama wa mtoni. Akijua lilitungwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, na mtu aliyefungwa kwa waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya, yule mamba hamwangalii tena vilevile. Hata hivyo bado itampasa aonyeshe ni mshororo upi unaombeba huyo mamba wa pili.

Ndiyo maana nawaomba watunga maswali waongeze maneno mawili tu: "ubeti upi?" Mwenye kusema usalama wa nyumba aonyeshe alipouona, na mwenye kusema msiba vilevile. Mpwa wangu alionyesha, wala hakuna aliyemsoma.

Ukipata nafasi, Mhariri, lichape tena shairi lile bila jina langu, wasomaji waseme wameona nini na wamekionea wapi. Nami nitakaa kimya.

Mtunzi wa "Kitasa"