Kopo limejaa nzi, mbona embe bado zina funza?

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wakulima wenzangu wa embe huku Mkuranga, maana msimu ukikaribia tu maduka ya pembejeo yanaanza kutangaza dawa ya mtego eti inamaliza nzi wa matunda, watu wananunua wananing'iniza kopo mwembeni, baada ya siku chache kopo limejaa nzi wanashangilia, halafu embe zinaiva na funza wao ndani.

Jamani wale kwenye kopo ni madume watupu! Ile dawa, methili eujenoli, inavuta dume tu, anailamba anapata harufu ya kumpendeza jike ndo maana anaikimbilia hivyo (hata kwenye mrehani imo). Anayetoboa ganda na kutaga ni jike, na yeye na kopo lako wala hawajuani. Tena dume mmoja anapanda majike kibao, kwa hiyo hata ukiua nusu yao bado. Sikatai, kisiwa cha Rota kule Pasifiki miaka ya 1960 waliwamaliza kwa dawa hiyohiyo ikichanganywa na sumu, ila walimwaga kwa ndege kisiwa kizima, sasa wewe una ekari mbili na jirani hajaweka kitu utamaliza nini?

Kopo ni la kupimia. Hesabu nzi kila wiki, ukiona wanazidi anza kupulizia chambo cha protini, hicho majike nao wanakifuata, na embe zilizodondoka okota zote funga kwenye mfuko mweusi weka juani, maana funza akishatoka kwenye embe anaingia udongoni na huko ndo anageuka nzi.

Kingine, kuna mwenzetu kauziwa dukani dawa nyingine ya mtego inaitwa kyulua. Ile ni ya nzi wa matikiti na matango, huyu wa embe aliyetokea Asia akaonekana nchini 2003 haifuati kabisa. Kopo lake likakaa karibu tupu, akajua shamba liko salama, hakupulizia chochote, wanunuzi walivyokuja wakazikata embe mbili tatu wakaondoka zao.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu naomba mlazimishe lebo ziandikwe Kiswahili: ni ya nzi gani, inavuta dume au jike, na ibadilishwe baada ya wiki ngapi.

Mkulima wa embe,
Mkuranga, Pwani