Usiutazame mlango, tazama bati

Mikindani, Mtwara

Sahibu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Huku wote wazima, joto tu ndilo halina adabu. Picha ya nyumba ya mawe unayotaka kununua hapa Mikindani uifanye gesti nimeiona. Ule mlango wa nakshi unaweza kumtoa mtu akiba yake yote, lakini usiutazame. Mtume fundi apande juu aangalie bati.

Nyumba hizi hufa kuanzia kichwani. Bati likitoboka, mvua inaingia juu ya ukuta, na ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Udongo ukilowa unateremka, ukuta unatoa kitambi, na asubuhi moja upande mzima uko barabarani. Pesa ya kwanza basi ni ya paa, hata vyumba vikikaa bila rangi mwaka mzima.

Halafu mafundi watakwambia upige lipu ya saruji. Kataa. Ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka chini, na maji yanapanda na chumvi. Chokaa inapumua, unyevu unatoka. Saruji inauziba, chumvi inajikusanya nyuma yake, na mvua za misimu miwili hazipiti kabla hujaibandua lipu kwa mkono kama ganda la yai. Changanya chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, mchanga wa mtoni, wa pwani usiuguse. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa wiki nzima. Ukuta umwagie maji kwanza, kisha piga lipu isiyozidi sentimita moja, uache siku kadhaa ndipo uongeze ya pili. Kazi hii ngojea mvua ziishe. Kusi, upepo wa kusini, likikaza, tundika magunia yaliyolowa, la sivyo juu inakauka ndani ingali mbichi, na nyufa zitakuwa kama ramani.

Boriti za mikoko zilizooza usizibadilishe kwa kukata mikoko kiholela, kibali kinatakiwa.

Bei ndogo isikushangaze. Hapa palikuwa bandari. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga Boma mwaka 1895. Meli zilipokuwa kubwa zikataka kina, na mpango wa Waingereza wa kilimo cha karanga ukaipa Mtwara gati. Tangu hapo Mikindani inasifiwa tu, na sifa hailipi fundi.

Pesa ya huku ni korosho. Minada ikianza Oktoba, mkulima akaona pesa benki, mji unachangamka: bodaboda mpya, harusi, gesti zimejaa wanunuzi na madereva wa malori. Kufika Machi unasikia mlango wa jirani ukilia. Watalii huja zaidi Juni hadi Oktoba, nao ni wachache, maana kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550 za basi na wengi wanaishia Zanzibar. Barabara yenyewe nayo haiaminiki sana. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata upande wa Somanga. Kwa hiyo anza na vyumba vitatu, si kumi. Viwili viwe vya wafanyabiashara: feni, chandarua, maji ya uhakika, na mahali pa kuegesha gari. Kimoja tu kiwe cha mgeni anayetaka kuiona ghuba kutoka dirishani.

Mgeni huyo ukimwahidi mashua, kwanza hesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na ghuba inabaki tope na mikoko. Mtoe alfajiri au umngoje mchana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume, saa nne asubuhi maji yamejaa. Ukitaka kumpeleka Msimbati, kumbuka kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ushuru ulipwe kabla hamjaingia.

Na muuzaji, jamani. Nyumba za namna hii ni za mirathi, na warithi wengine wako Zanzibar, wengine Muskati. Anayekuonyesha funguo si lazima awe na nyumba. Taka barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, saini za warithi wote, na uende manispaa kuuliza kama ukuta wa mbele unaruhusiwa kubadilishwa. Nitumie nakala niikague kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Abdallah